Kofia ya Simiyu

Siku hizi mikutano ya kuchangia mazishi hufanyiwa hotelini, na mimi siipendi kabisa. Watu wanaagiza chai, mwenyekiti anasoma majina, simu zinalia, na marehemu anageuka ajenda ya pili baada ya maombi. Lakini Wafula aliponipigia mwezi uliopita akaniambia, "Rozi, mama ametuacha," nilijua nitaenda hata wangekutana juu ya paa. Walikutana Kariokor, orofani kwenye hoteli moja ya nyama choma ambayo moshi wake ulipanda mpaka mezani kwetu. Wafula alikuwa ametoka kwao Bungoma, ndevu zake zimeingia mvi, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Achieng alikuja amechelewa, amenenepa kama mimi, miwani inaning'inia kifuani. Watu walipotawanyika tulibaki sisi watatu na sinia la mbavu ambazo hakuna aliyezigusa. Tuliulizana habari za watoto, za magoti, za sukari mwilini. Kisha Wafula akasema, bila kumwangalia mtu, "Mnamkumbuka Simiyu?" Achieng akaweka glasi yake chini.

Simiyu hakuwahi kuzaliwa na mtu. Tulimtengeneza sisi, kwa dadu za ludo, katika nyumba ya chumba kimoja pale Makongeni, Nairobi. Alikuwa mtu wa mchezo. Lakini maneno yake ndiyo yaliyopelekwa mbele ya wazee siku ambayo mama yake Wafula alihitaji neno moja la kumwokoa, na wazee wakayatupa. Nimeishi na jambo hilo miaka yote hii na bado likinijia nakasirika, hata nikiwa peke yangu naosha vyombo.

Habari za kwetu naziacha. Kila nyumba Makongeni ilikuwa na za kwake na hazikutofautiana sana. Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, na kila asubuhi nilikuwa sokoni Gikomba nikimsaidia mama kutundika makoti ya mitumba. Ndiko nilikokipata kile kitabu. Kilitoka ndani ya beli la makoti ya watoto, hakina jalada, hakina kurasa za mwanzo, kimejaa picha za majoka na watu wenye mashoka. Mama alitaka kukifanya cha kuwekea sufuria za moto. Nilikiokoa, nikakisoma jioni baada ya jioni, Kiingereza chake kigumu, mpaka nikaelewa kwamba si kitabu cha hadithi. Yalikuwa maagizo ya mchezo usio na ubao wala kete. Mmoja anasimulia mahali na hatari zake. Wengine kila mmoja anatengeneza mtu: anampa jina, anarusha dadu kujua nguvu zake, akili zake, wepesi wake na uvumilivu wake, anamchagulia kazi na udhaifu. Halafu anasema kwa kinywa cha mtu huyo. Naingia. Nakimbia. Nampiga. Namwomba msamaha. Dadu zinaamua kama umeweza. Nilipomweleza Achieng, jirani yetu wa mlango wa pili, alisema, "Kwa hivyo ni kudanganya, lakini kwa sheria." Mpaka leo sijasikia maelezo yanayoyashinda hayo.

Kitabu kilitaka dadu za ajabu ajabu, zenye nyuso nyingi, ambazo hatukuwahi kuziona. Tuliandika nambari kwenye vifuniko vya soda, tukavitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia, na kila mtu akawa anachomoa bila kuangalia. Majina nayo yalitusumbua. Watu wembamba wenye masikio marefu tuliwaita hivyo hivyo, watu wa masikio. Mchawi ndiye aliyetuletea shida. Achieng alitaka mtu wake awe mchawi wa kurusha moto, lakini tulikuwa tunachezea kwa kina Wafula, na mama yake alikuwa kiongozi wa wanawake kanisani. Alikuwa anachambua sukuma wiki mlangoni aliposikia neno hilo.

"Nani mchawi?" akauliza.

"Ni wa karatasi tu, mama," Achieng akamwambia.

"Hata wa karatasi haingii kwangu. Tafuteni kazi nyingine."

Basi yule mchawi akawa daktari, daktari anayetibu na kurusha moto, na Mama Wafula akaridhika akarudi kwenye sukuma yake.

Tulichezea hapo kwa sababu Wafula hakuweza kutoka. Jumamosi na Jumapili mchana ilikuwa zamu yake kukaa na baba yake. Alikuwa kidato cha tatu, kifungua mimba wa watoto watatu, kijana mwenye haya asiyepandisha sauti, na mtu aliyejitengenezea alimwita Kifaru, mpiganaji anayevunja milango kwa kichwa. Nyumba yao ilikuwa kama zote za pale. Pazia lenye maua mekundu makubwa liligawa chumba. Upande wa mlango kulikuwa na meza, makochi yenye vitambaa vya kufuma, stovu ya mafuta ya taa na kalenda ya kanisa. Upande wa pili kulikuwa na kitanda na baba. Alikuwa amefanya kazi reli miaka mingi mpaka mwili ukamkatalia. Ni kifua, tuliambiwa. Sisi sote tulisema ni kifua, hata waliojua vingine. Nyumba ilinukia dawa ya kupaka na chai ya tangawizi, na kila tulipozidisha kelele Wafula alitwambia, "Pole pole, buda amelala."

Kofia ya mchezo niliileta mimi, na ilitokana na ugomvi. Siku moja Daktari wa Achieng alimwambia Kifaru kwamba ni mzigo, anakula chakula cha wenzake na hana faida kwa mtu. Wafula, mtu asiyekanyaga siafu, akasimama. "Unasema nani anakula cha watu?" Achieng akasema ni Kifaru. "Mbona unaniangalia mimi?" Kwao siku hizo kilo ya unga ilikuwa inaletwa na jirani mara nyingine, na sisi sote tulijua. Nusura mchezo uishie hapo. Kesho yake nikaja na kofia ya sufu ya kijani kutoka kwenye beli, nikaweka sheria. Ukiivaa, anayesema ni mtu wako, na maneno ya kofia hayadaiwi. Mtu asije akakushika nayo nje. Ukiivua, ni wewe. Mtu akiwa na shaka, aulize, na mwenzake lazima ajibu. Sheria hiyo haikuwa kwenye kitabu, ilikuwa yangu, na ilitufaa sana. Wafula akiwa na kofia kichwani aliweza kutukana, kuchumbia binti wa mfalme, hata kulia. Akiivua anaturudia na haya zake.

Sasa mje kwa mzee, baba yake Wafula. Ilikuwa Jumamosi, tuko kwenye daraja la kamba juu ya korongo, na Kifaru anataka kuvuka mbio huku ng'ambo kuna jitu linalolinda. Nimeshika kopo la vifuniko. Mara sauti ikatoka nyuma ya pazia, nyembamba lakini haina usingizi hata chembe.

"Huyo Kifaru mwambieni arudi nyuma. Atakufa bure."

Wafula alienda akafungua pazia. Baba yake alikuwa ameegemea mito miwili, macho makubwa kwenye uso uliokwisha, na nikatambua kwamba wiki zote hizo hakuwa amelala hata mara moja. Alikuwa anafuata safari.

"Mnachukua watu wengine," akauliza, "ama mmejaa?"

Tulimtengeneza hapo hapo kitandani. Nilimsomea kazi zote, mpiganaji, mwizi, mwindaji, mtu wa Mungu. Alisikiliza kwa makini, kisha akasema hataki kazi yoyote ya hizo, anataka mtu wa kutembea tu, mtu anayeweza kutoka hapa mpaka pale bila kushikwa mkono. Alirusha dadu mwenyewe kwenye sinia la kulia ugali. Nguvu zilitoka za kawaida, akili nzuri. Zilipofika za uvumilivu, dadu zote tatu zililala na sita juu, kiwango cha mwisho kabisa. Achieng aliangalia sakafu. Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamshika, Wafula akamshikia bakuli, na alipopumua akasema, "Nipeni huyo huyo. Msimbadilishe." Akamwita Simiyu, kwa sababu kwao ni jina la mtoto wa kiangazi, na yeye alikuwa amechoka na baridi. Nikamwambia kila mtu sharti awe na udhaifu. Akawa anapapasa shuka.

"Ana watoto watatu," akasema, "na hajui kuongea nao."

Wafula ndiye aliyekuwa anaandika. Aliandika.

Nisiseme uongo kwamba Simiyu alimponya mtu. Lakini kwa miezi kadhaa nyumba ile ilikuwa na kitu. Mzee alianza kunywa uji wa saa saba ili awe na nguvu za saa nane. Tulimvalisha kofia ile ya kijani, ikamzama mpaka kwenye nyusi, na Simiyu akatembea. Alipanda milima, alibeba wenzake waliojeruhiwa, alilala nje kwenye mvua na kuamka mzima. Alikuwa mcheshi, na jeuri kidogo. Na alizungumza na Kifaru. Nakumbuka wamekaa kwenye moto wa porini, yaani Wafula amekaa ukingoni mwa kitanda, na Simiyu anamweleza Kifaru jinsi ya kumjua mtu mwongo, jinsi ya kuomba kazi, jinsi ya kumtuliza mwanamke aliyekasirika bila kumdanganya. Mambo ambayo baba humwambia mwana. Kofia ikitoka, baba na mwana walirudi kwenye yao: umekunywa dawa, leta bakuli, funga mlango. Mama Wafula akirudi sokoni alisikia kicheko cha mumewe tangu bombani, na akiingia alitupikia, hata kama ni omena kidogo na ugali mwingi. Alikula amekaa kwenye kigoda karibu na stovu. Hakucheza hata siku moja. Tukimwita anasema, "Mimi bado sijamaliza kuwa huyu."

Pale bombani maneno hayakukosa. Nilisikia mmoja akisema tunamchezesha mgonjwa michezo ya pepo, mwingine akamjibu kwamba pepo ni wa mke wake, ndiye aliyemletea. Kwa watu wengine mwanamume haugui mpaka awe ametiwa ugonjwa na mke. Mama Wafula alijaza ndoo yake, akajitwika, akawaaga vizuri.

Lakini neno lililonikaa ni lile nililolisikia kutoka nyuma ya pazia. Wafula alikuwa ametumwa dukani, nami nangoja kochini. Mzee na mkewe walidhani nimetoka naye. Walikuwa wanamzungumzia mke wa mdogo wake mzee, mjane wa yule aliyekufa mwaka uliotangulia. Kwao mwanamume huzikwa nyumbani kwao, mashambani, na mjane hubaki na kaburi. Huyo aliondoka Nairobi na jeneza, akiwa na kibanda chake cha kushona nguo na watoto shule, akidhani anaenda mazishi. Hakurudi. Cherehani iligawiwa, watoto wakahamishwa, yeye akapewa ndugu mwingine wa marehemu amtunze, kama wanavyosema.

"Mimi watanifanya hivyo hivyo," Mama Wafula alisema. Sauti yake haikuwa na machozi. "Tena mimi wanasema nimekuua."

"Sijafa," mzee akamwambia.

"Basi waambie ungali hai. Mwambie kaka yako. Wewe ukisema, watakubali."

"Usinitabirie, mama watoto. Wacha hayo."

Na ikawa imeachwa. Nataka mwelewe kwamba mzee hakuwa mtu mbaya wala mwoga. Kwao, na kwetu pia, mtu anayepanga kaburi lake amejiita. Angesema mbele ya mwanawe, "Nikifa," mkewe mwenyewe angemfunika mdomo na kukemea kwa jina la Yesu. Hakukuwa na mlango wa kupitia. Kulikuwa na huo mmoja tu, wa sufu ya kijani.

Akaupitia. Ilikuwa Jumapili, mvua ya masika imeanza, na siku hiyo alikuwa hoi. Tulitaka kuahirisha, akakataa. Nilikuwa nimewafikisha kwenye kipito cha mlima, na majitu yakawavamia. Nilichomoa kifuniko, jitu likampiga Simiyu. Nikarusha dadu za jeraha. Zilikuwa mbaya. Nikasema Simiyu ameanguka, lakini Daktari yuko karibu, anaweza kumtibu, na Achieng tayari ameshika kopo.

"Asinitibu," akasema mzee.

"Simiyu, naweza," Achieng akamwambia. "Nina dawa."

"Weka dawa yako. Sikilizeni." Alikuwa anapumua kwa vituo. "Mimi nikifa hapa, nizikwe hapa. Msinibebe kunirudisha kwetu. Kifaru, unanisikia? Hapa hapa mlimani. Na mke wangu asifuate mwili, kwa sababu hakuna mwili unaoenda. Akae nyumbani kwake alipo. Afanye biashara yake. Watoto wasome. Mtu asimguse, si kaka yangu, si nani. Kama ni kuniua, hakuniua yeye. Mimi ndiye najua nilikopita."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mama Wafula alikuwa kwenye kigoda chake na kisu mkononi na nusu ya kitunguu, na mkono umesimama. Wafula alikuwa ameshika shuka la baba yake.

"Baba," akasema. "Ni wewe ama ni Simiyu?"

Sheria ilikuwa lazima ajibu. Mzee alipeleka mkono kwenye kofia, vidole vikaushika ukingo wake, na kwa muda nilidhani anaivua. Sote tulidhani. Kisha akaivuta chini, mpaka ikafunika masikio.

"Ni Simiyu," akasema. "Endeleeni."

Hatukuendelea. Hatukucheza tena hata mara moja. Haukupita muda mrefu akafariki, asubuhi, Wafula akiwa shuleni.

Kaka mkubwa wa marehemu, Mzee Barasa, alikuja kutoka nyumbani na wazee wengine wawili. Ningependa kuwaambia kwamba alikuwa katili, ingenirahisishia kazi. Alikuwa mwalimu wa dini, mpole, mwenye koti lililopigwa pasi, na alilia kwa uchungu aliposhika mto wa mdogo wake. Mkutano ulikaa mle mle chumbani, pazia limefunguliwa, kitanda kimetandikwa. Wanawake tulikuwa mlangoni na nje. Walikuwa wanapanga gari na siku ya kusafirisha mwili pale Wafula aliposimama. Sijui alitoa wapi ule ujasiri, maana kofia hakuwa nayo.

"Baba hakutaka kupelekwa," akasema. "Alisema azikwe hapa Nairobi. Na mama asihamishwe."

Wazee waliangaliana. Mzee Barasa akamwambia akae, kisha akauliza kwa utaratibu: alisema lini, alimwambia nani, nani alisikia. Wafula akasema walikuwa Rozi na Achieng. Tukaitwa ndani. Mimi nilisimama karibu na ile kalenda.

"Mwanangu," Mzee Barasa aliniambia, "usiogope. Ulimsikia ndugu yangu akisema maneno haya?"

"Nilimsikia, mzee."

"Mlikuwa mnaongea habari za kifo chake?"

"Tulikuwa tunacheza."

Ilibidi nieleze. Nilieleza yote, kitabu, watu, dadu, kofia. Ningesema uongo? Mmoja wa wale wazee alikwisha kusikia habari zetu bombani, akawa anaongezea yake. Mzee Barasa alimnyamazisha. Alisikiliza kweli kweli, na hicho ndicho kinachoniuma.

"Kwa hivyo akiwa na kofia, anayesema ni nani?"

"Ni Simiyu. Lakini, mzee—"

"Na akitaka kusema yeye mwenyewe?"

"Anaivua."

"Aliivua?"

Wafula alijibu kabla yangu. "Nilimuuliza kama ni yeye."

"Akasemaje?"

Alikuwa mtoto aliyelelewa asidanganye wakubwa, na baba yake ndiye aliyemlea hivyo. "Alisema ni Simiyu."

Mzee Barasa alivua miwani akafuta macho. "Huyo Simiyu ana mwili?" akauliza.

"Hana."

"Basi yeye hana pa kuzikwa. Ndugu yangu anapo."

Nilisema. Ninalijivunia hilo, ijapokuwa halikusaidia. Nilisema hakuna mtu anayetoa maneno kama yale bila kuyataka, kwamba kofia ndiyo iliyompa nafasi ya kuyasema, kwamba bila hiyo kofia angekufa nayo moyoni. Achieng naye akasema, "Hata sisi tulijua ni yeye." Wakatuambia tumesikika, tumeshukuriwa, turudi nje. Na mtu mmoja, sikumwona ni nani, akasema aulizwe mjane. Vichwa vikageuka. Mama Wafula alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, leso mabegani. Kila mtu mle chumbani alijua alikuwepo Jumapili ile. Alikuwa na kinywa chake, na hakuna kofia iliyomzuia. Nilimwombea kwa moyo wote aseme neno.

"Mtakavyoamua," akasema.

Kariokor, mbele ya zile mbavu zilizopoa, Wafula alituambia mengine. Shule aliacha mwaka huo huo. Mama yake alipewa nyumba ya udongo nyuma ya boma la Mzee Barasa, akalima shamba lisilo lake, akatunzwa. Alizaa mtoto mwingine huko, mtu hakumuuliza kama anataka. Nairobi alirudi mara moja tu, kupimwa macho, na alikaa kwa binamu siku mbili akitazama barabara dirishani. Hakuwa mnyonge kwa kumtazama, Wafula alisema, alikuwa anacheka na watu. "Mimi mpaka leo," akatuambia, "naota namvua baba ile kofia. Naivua tu. Anabaki kichwa wazi, ananiangalia, halafu naamka kabla hajasema." Achieng alimshika mkono akamwambia wakati ule tulikuwa watoto. Kusema tulikuwa watoto hakumpunguzii mama yake siku hata moja katika zile alizokaa kule. Nina hasira na Mzee Barasa, na yeye alikwisha kufa. Nina hasira na baba yake Wafula pia, marehemu wa watu, kwamba mkono ulifika kwenye kofia na haukuivua. Alikuwa karibu sana.

Lipo jambo moja ambalo Wafula halijui, na pale mezani sikuweza kulitoa.

Siku ya kuondoka nilikuja asubuhi kumsaidia Mama Wafula kufunga vyombo. Nyumba ilikuwa ya reli, ilitakiwa irudishwe. Nje gari lilikuwa linangurumishwa na jeneza limeshapakiwa, kwaya inaimba bila nguvu. Ndani tulikuwa wawili. Pazia lilikuwa limeshushwa, na chumba bila pazia kilikuwa kidogo kuliko nilivyokijua. Tulifunga sahani kwenye gazeti. Aliniuliza habari za matokeo yangu, nikamwambia bado. Akafunga karai kwa kamba, akalivuta fundo, kisha akakaa juu ya godoro lililokunjwa.

"Rozi," akaniambia, "ule mchezo wenu. Mtu hutengenezwaje?"

Nilimwambia: jina, nguvu, akili, kazi, udhaifu.

"Nitengenezee wangu."

"Sasa hivi, mama? Dadu ziko kwetu."

"Hata bila dadu."

Nikapiga magoti mbele yake, sikuwa na karatasi wala kalamu. "Wa kazi gani?"

"Kazi yoyote," akasema. "Nataka awe mtu anayejua kukataa. Akiulizwa mbele ya watu, aseme hapana. Sauti isimtoroke."

"Sawa," nikamwambia. "Anaitwa nani?"

Alifikiri. Niliona anatafuta, macho yanapita ukutani pale kalenda ilipokuwa, na uso wake ukawa wa msichana, naapa, kama mtu anayechagua kitambaa cha gauni. Akafungua mdomo.

"Mama Wafula," Mzee Barasa aliita kutoka nje. "Gari iko tayari."

"Naja," akaitika, akajitwika karai lake akatoka.